Mguu wa Kaniki

Msema kweli mpenzi wa Mungu, basi na tuseme kweli tangu mwanzo: Mama Pumba hakuwa mtu wa kusamehe. Ukimkanyaga leo kwa bahati mbaya ukamwomba radhi, atakujibu "usijali," na mwakani atakukumbusha kama ulimkanyaga kwa mguu wa kushoto au wa kulia. Miaka kumi na tisa alikuwa akilisha farasi kwenye mabanda ya Bibi Mkubwa. Jina la Pumba alilipata kwa zile ndoo za pumba alizobeba asubuhi na jioni, moja kila mkono, huku akigombana na yeyote aliyemkatia njia.

Na katika dunia hii nzima, hakuna mtu ambaye yeye alimchukia kuliko meneja wa mabanda. Wafanyakazi walimwita Mluzi, maana bwana yule hakuweza kwenda hatua tano bila kupiga mluzi. Mama Pumba akiusikia unatokea upande wa ofisini, hata mate yalimkauka.

Sababu alikuwa nayo, tena ya kutosha. Miezi miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, Mluzi alimtoa Kaniki, farasi jike mweusi ambaye Bibi Mkubwa alimpenda kuliko wote, akamrusha juu ya miti iliyolazwa ya mazoezi ya kuruka ili rafiki yake aone. Mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi na uwanja ulikuwa umekauka kau. Wenzao walikuwa wanakula chakula cha mchana. Mama Pumba peke yake aliona, kwa sababu alikuwa amekwenda kuchota maji. Alimwona Kaniki anatua, mguu wa mbele wa kushoto unapinda vibaya, na Mluzi anashuka anatazama huku na huku.

Sasa sikiliza ubaya wa binadamu. Siku iliyotangulia, mdogo wake Mama Pumba, fundi wa viatu vya farasi, ndiye aliyembadilishia Kaniki viatu. Mluzi hakupoteza hata nusu saa. Akampigia simu Bibi Mkubwa, akamwambia, "Fundi amempigilia msumari kwenye nyama. Farasi hawezi kukanyaga." Jioni ile ile fundi akafukuzwa, sanduku lake la vifaa likatupwa nje ya geti.

Mama Pumba alikwenda mbele ya Bibi Mkubwa akasema alichokiona, neno kwa neno. Bibi Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Yule ni nani yako?"

"Mdogo wangu, tumbo moja."

"Basi ungesema nini kingine?"

Ikawa imekwisha hapo. Ushahidi wa dada si ushahidi. Habari zikatembea kwenye mabanda yote ya jirani, na hakuna aliyetaka tena ukwato wa farasi wake uguswe na kijana yule. Wakampa jina: Msumari. Akipita dukani, wavivu wa pale barazani wanasema, "Msumari, usije ukanichoma!" wanacheka mpaka wanashikilia mbavu. Mwisho akaacha kutoka. Alikaa kwenye chumba cha uani kwa dada yake, kitanda kikiwa kimegusa ukuta, vifaa vyake chini ya kitanda. Huyu ni mtoto aliyelelewa na Mama Pumba tangu akiwa na miaka sita, mama yao alipofariki. Mama Pumba akimpelekea chakula, anakuta cha jana hakijaguswa. Akitoka mle chumbani anasaga meno na kusema peke yake, "Mluzi wewe, utanitapikia."

Lakini kilichomuuma kuliko yote ni kwamba Kaniki alipona. Ndiyo, alipona! Wiki moja tu baada ya fundi kufukuzwa, Kaniki alikuwa anatembea vizuri kabisa. Kila Jumamosi Bibi Mkubwa alikuja, akawekewa kiti uani, na Mluzi akamtembeza Kaniki mbele yake, huku na huko, mguu unashuka sawasawa. Naye kila Jumamosi alisema yale yale: "Unaona, Bibi Mkubwa? Tatizo lilikuwa mkono wa yule fundi. Ameondoka, farasi amepona." Kila hatua aliyokwenda Kaniki ilikuwa inamzika mdogo wake Mama Pumba. Mpaka ikafika mahali mwanamke yule alimtazama farasi mwenyewe kwa chuki, farasi aliyemlisha kwa mkono wake tangu akiwa mtoto.

Basi Jumanne moja Kaniki akaacha pumba zake.

Mtu asiyejua farasi angesema hana njaa tu. Mama Pumba alisimama na ndoo yake akamtazama. Kaniki alinusa, akageuza uso. Alikuwa anasaga meno, krr, krr, bila kitu mdomoni. Mara mbili aligeuza shingo akautazama ubavu wake wa kulia. Kinyesi bandani kilikuwa laini, kimetapakaa. Mama Pumba akamfunua mdomo, akaona fizi zimeingia wekundu usio wa kawaida kuzunguka meno.

Hizo dalili alizijua. Siku Kaniki alipoumia, daktari wa mifugo, binti mmoja mwembamba mwenye sauti nzito, alikuja akaacha dawa ya maumivu ya unga kwenye kopo. Aliwaeleza wote, Mluzi akiwepo: "Nusu kijiko asubuhi, nusu jioni, siku tano, basi. Na ashibe majani kwanza ndiyo mumpe. Dawa hii inatuliza mguu, lakini ikizidi inachoma tumbo na utumbo, inatoboa vidonda. Baada ya siku tano kama bado anachechemea, niiteni nije nimchome ganzi nijue anaumwa wapi." Siku tano zilipoisha, Mluzi akasema farasi amepona, na daktari hakuitwa tena.

"Amepona!" Mama Pumba akasema kwa sauti, peke yake bandani. "Amepona, au amenyamazishwa?"

Akaingia stoo ya chakula. Alipekua magunia, akapekua nyuma ya ndoo kuukuu, akapanda juu ya pipa akafika rafu ya juu kabisa, mahali ambapo mtu mwenye goti bovu kama lake hakutegemewa kufika. Pale palikuwa na kopo la mafuta ya kupaka kwato. Akalifungua. Mafuta hayakuwamo. Ilikuwamo ile dawa ya unga, nyeupe, vijiko kama kumi vimebaki chini, na kijiko chake ndani. Wiki saba! Wiki saba jamaa alikuwa akiwahi asubuhi kabla ya wote, "nimsaidie Mama Pumba kuchanganya," na kumbe anachota kijiko kizima, tena kabla farasi hajatia hata jani tumboni. Na ndoo ile ya sumu aliibeba nani mpaka bandani? Mama Pumba mwenyewe, kwa mikono yake miwili.

Alishuka kwenye pipa akakaa juu ya gunia. Siwezi kukudanganya kwamba alichokihisi kilikuwa huruma tupu. Ilikuwa furaha. Adui yake alikuwa amejichimbia shimo refu, na yeye alikuwa amesimama ukingoni na koleo mkononi.

Mtu mwenye roho nyepesi angempigia daktari saa ile ile. Mama Pumba alishika simu, akaiweka chini. Akafikiri. Akimwita daktari leo, Mluzi atasema alikosea kipimo, ataomba radhi kwa Bibi Mkubwa, farasi atatibiwa kimyakimya, na mambo yataisha hapo. Nani atasimama dukani aseme mguu wa Kaniki haukuumizwa na msumari? Hakuna. Mdogo wake ataendelea kuitwa Msumari mpaka nywele ziote mvi. La, hasha! Yeye alitaka Jumamosi. Alitaka Bibi Mkubwa kwenye kiti chake, wafanyakazi wote ukutani, na Kaniki mwenyewe atoke anachechemea mbele ya macho yao, daktari amchome ganzi, aanzie ukwatoni. Ukwato ukifa ganzi na farasi bado anachechemea, basi ugonjwa hauko ukwatoni, na kama hauko ukwatoni hakuna msumari. Ushahidi wa dada waliukataa. Ushahidi wa mguu waukatae nao.

Jumatano mchana, Mluzi akiwa amekwenda mjini, Mama Pumba alipanda tena juu ya pipa. Dawa yote akaimwaga chooni. Ndani ya kopo akatia unga wa ngano, kiasi kile kile, akausawazisha kwa kijiko. Alipomaliza alipangusa rafu kwa upindo wa gauni lake, akashuka anacheka.

"Tumbo litapumzika," alijiambia, "na mguu utasema."

Na kweli tumbo lilipumzika. Alimpa Kaniki majani makavu yaliyolowekwa yakalainika, kidogo kidogo, mara sita kwa siku, asikae na tumbo tupu hata saa mbili. Pumba akapunguza, maji akayabadilisha kila mara. Alhamisi jioni Kaniki alilamba ndoo. Ijumaa alianza kumgonga mgongoni kwa pua akidai zaidi, tabia yake ya zamani, na kinyesi kikaanza kushikamana. Ungemwona Mama Pumba ungesema muuguzi wa kupewa tuzo.

Ila mguu sasa. Alhamisi Kaniki alianza kuuhifadhi. Ijumaa asubuhi alichechemea waziwazi mle bandani, ambamo Mluzi alimfungia asionekane na wengine, kichwa kinapanda kila akikanyaga. Mchana alilala chini, akiamka anasimama na mguu ule ameunyanyua, ncha ya ukwato tu ikigusa majani. Mama Pumba alimmwagia maji baridi, akamfunga bandeji, akamwongezea matandiko. Hilo ni kweli, alifanya. Lakini kisha alivuta ndoo akaigeuza, akaikalia, akamtazama akiteseka.

"Chechemea, mama," alimwambia. "Vumilia mpaka kesho. Chechemea wakuone."

Zaidi ya hapo, alifurahi kumwona Mluzi. Mluzi wa Ijumaa hakuwa na mluzi! Aliingia bandani, akatoka, akaingia stoo, akafunga mlango. Mama Pumba alichungulia kwenye ufa wa ubao akamwona anachota vijiko viwili. Jioni alimwona anachota vitatu, anatikisa kopo, anakuna kichwa. Unga wa ngano, bwana! Mama Pumba aliziba mdomo kwa kiganja asije akaangua kicheko. Usiku ule alilala usingizi mnono, wa kwanza tangu mdogo wake afukuzwe. Kabla ya kulala alikuwa amempigia daktari: "Njoo kesho saa nne, binti yangu. Kaniki anachechemea, na Bibi Mkubwa atakuwepo."

Jumamosi saa nne, kiti kikawekwa uani. Bibi Mkubwa akakaa, fimbo katikati ya magoti. Wafanyakazi wakajipanga ukutani. Daktari akashuka kwenye gari na mkoba wake. Mama Pumba alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu chini ya aproni, mkononi ameshika kitambaa cha kumfutia Mluzi machozi, maana alipanga hata hilo.

Mlango wa banda ukafunguliwa. Kaniki akatoka.

Alitoka anatembea kama bibi harusi. Mguu wa kushoto, wa kulia, wa kushoto, wa kulia. Mluzi akamkimbiza polepole uani, akamgeuza, akamrudisha. Kichwa cha Kaniki hakikupanda hata unywele. Na Mluzi alikuwa anapiga mluzi.

Daktari alimgeukia Mama Pumba. "Mama, huyu ndiye anayechechemea?"

"Jana... jana alikuwa..."

"Jana yeye ndiye alikuwa anaota," Mluzi akadakia, na wafanyakazi wakacheka. "Bibi Mkubwa, ukoo wao mzima ndivyo ulivyo. Mmoja anaumiza farasi, mwingine anazua maneno."

Bibi Mkubwa hakucheka. Alisema tu, "Nimechoka na jambo hili, Mama Pumba," na hilo lilikuwa baya kuliko matusi.

Mama Pumba aliwaacha hapo hapo akakimbia stoo, goti linalia. Akapanda pipa. Lile kopo lilikuwa limejaa mpaka mdomoni. Akachovya kidole, akalamba. Chungu! Chini, kwenye pipa la taka, akaliona kopo tupu la dawa mpya, limeng'olewa mfuniko. Hapo ndipo akili ilipomrudia. Vijiko vitatu vya jana vilikuwa vimemaliza ule unga wake. Alfajiri Mluzi amefungua kopo jipya, amelimwaga mle, na kwa sababu unga wa ngano ulikuwa umemfundisha kwamba kijiko kimoja hakifanyi kitu, amechota vitatu. Vitatu vya dawa yenyewe. Na Kaniki, aliyerudishiwa hamu ya kula na Mama Pumba huyu huyu, amelamba ndoo yote mpaka ikang'aa. Ndoo hiyo nayo nani aliipeleka bandani asubuhi? Usiniulize.

Aliporudi uani, Kaniki alikuwa ameanza kuchimba ardhi kwa mguu. Akageuza shingo kutazama ubavu. Akapiga teke tumbo lake mwenyewe. Kisha magoti yakalegea akaanguka, akajiviringisha kwenye vumbi, jasho limemtoka shingoni. Bibi Mkubwa alisimama, fimbo ikamwanguka.

"Tumbo!" daktari akasema, na tayari alikuwa amepiga magoti, anasikiliza ubavuni. "Amepewa dawa yoyote? Nijibuni upesi."

"Hajapewa kitu," Mluzi akasema. "Tangu zile siku zako tano, hajapewa hata chembe."

"Una hakika?"

"Bibi Mkubwa ananijua."

Daktari akafungua mkoba, akavuta dawa kwenye bomba la sindano. "Basi nitamchoma hii ya kutuliza maumivu ya tumbo. Ni jamii moja na ile ya unga, ila ya mshipani. Mshikeni kichwa."

Sasa hapa sitamficha Mama Pumba, na wala sitampamba. Alisimama na ulimi wake mdomoni, akahesabu. Jamii moja na ile ya unga. Sindano ile ikiingia juu ya vijiko vitatu, ndani ya utumbo ambao tayari una vidonda, Kaniki hatafika jioni. Na Kaniki akifa, daktari atampasua, ataona ndani kulivyoungua kwa wiki saba, na Mluzi amekwisha. Amekwisha kabisa, hakuna wa kumtetea. Unga wa ngano hakuna ambaye angeujua. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, muda wa kushusha pumzi mbili tu. Na pumzi ya kwanza alikwisha kuishusha.

Kaniki akapiga kelele, si mlio wa farasi uliouzoea, na jicho lake moja likageuka likamkuta Mama Pumba.

"Usimchome!" Mama Pumba akapiga ukelele. "Usimchome, binti, amepewa! Vijiko vitatu leo alfajiri, vijaavyo! Na wiki saba zilizopita, kijiko kizima asubuhi na jioni. Jumatano mpaka jana hakupata kitu, kwa sababu mimi niliimwaga dawa nikatia unga wa ngano. Kopo liko stoo, rafu ya juu, limeandikwa mafuta ya kwato. Nenda kaonje!"

Sindano ya daktari ilisimama hewani.

Na Mluzi, ewe Mluzi! Mtu mwenye akili angenyamaza, angesema huyu mwanamke kichaa. Lakini hasira ni hasara. Uso ulimvimba, akamnyooshea Mama Pumba kidole, akabweka, "Kumbe ni wewe! Mchawi wewe! Ndiyo maana jana nimempa vitatu havikufanya kitu!"

Mluzi mwenyewe aliyasikia maneno yake yamekwisha kutoka, na mdomo ukabaki wazi. Mdomo umeponza kichwa. Bibi Mkubwa akasema kwa upole, "Kusanya vitu vyako."

Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kushangilia. Daktari alipitisha mpira puani mwa Kaniki mpaka tumboni, akamimina mkaa wa dawa uliokorogwa kwa maji, mweusi tii, kuinyonya ile sumu kabla haijaingia yote mwilini. Akamchoma dawa nyingine ya maumivu, ya jamii tofauti, akamtundikia chupa ya maji mshipani kuokoa figo. Mama Pumba ndiye aliyeshika chupa ile juu, mkono mpaka ukafa ganzi.

"Ungeniambia Jumanne ulipoona dalili," daktari alisema bila kumtazama, "ningeikatisha ile dawa siku ile ile, na ningempa mguu wake dawa nyingine isiyochoma tumbo hivi. Zipo. Asingekaa siku tatu anaumwa bure."

Mama Pumba aliinua chupa juu zaidi. Alijua zipo. Alikwisha kumsikia daktari akizitaja zamani. Hakuziomba kwa sababu zingeunyamazisha mguu.

Alasiri Mluzi alitoka na begi mbili. Geti lile hufunguliwa na mlinzi, lakini Mama Pumba alimwambia mlinzi kaa chini, akalifungua mwenyewe, lote, pande mbili, kama anavyofunguliwa mgeni mheshimiwa. "Karibu tena," alimwambia. "Na upige mluzi basi, tusikie." Mluzi hakupiga. Mama Pumba alisimama akamtazama mpaka alipopotea kwenye kona, na nakwambia, hakuna asali iliyowahi kuufikia utamu ule.

Kaniki hakufa. Ilichukua wiki tatu. Majani laini kidogo kidogo, dawa ya kutibu vidonda vya tumbo kila asubuhi kabla ya kula, ya mguu kipimo kidogo kilichoandikwa na daktari kwa mkono wake na kubandikwa mlangoni, na kila anayempa aweke sahihi. Bibi Mkubwa alimwambia Mama Pumba, "Utamuuguza mpaka apone. Mengine nitayaamua baadaye." Tumbo lilipotulia, daktari aliisimamisha dawa ya mguu siku chache, akaja na ganzi. Akaanza na ukwato. Ukwato ukafa, Kaniki akatembezwa, akachechemea vile vile. Akapanda juu, nyuma ya mguu, penye kano. Akachoma. Wakangoja. Kaniki akatembea sawasawa.

"Ni kano," daktari akatangaza, wote wakisikia. "Limechanika kwa kutua vibaya. Ukwato huu hauna kosa lolote."

Bibi Mkubwa akatuma gari likamlete fundi.

Alikuja amekonda, shati linamning'inia, sanduku lake la vifaa begani. Wafanyakazi wale wale waliomwita Msumari walimpa mkono mmoja mmoja, wengine wanaangalia chini. Bibi Mkubwa mwenyewe aliinuka kwenye kiti akamwambia, "Mwanangu, nilikukosea." Mama Pumba alikuwa ameshika kamba ya Kaniki, kifua kimejaa. Siku zote, tangu kijana yule anajifunza kazi, ni dada aliyemshikia farasi akiwapiga viatu. Alikuwa anangoja tu amtazame.

Fundi aliinama, akauinua mguu wa Kaniki, akaking'oa kiatu cha ukwato ule, akapitisha kidole kwenye matundu ya misumari. Kisha, akiwa bado ameinama, akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, zile siku tatu za unga wa ngano. Alikuwa analala?"

Mama Pumba hakutegemea swali hilo. "Alhamisi hapana. Ijumaa alilala."

"Akisimama?"

"Aliunyanyua."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapo," akasema, na kuonyesha kwa kidevu. "Nimekaa hapo. Kwa ajili yako! Wewe ulikuwa umelala kitandani unakufa na mimi natazama. Ulitaka nifanye nini?"

Fundi akauteremsha mguu taratibu, akasimama. Macho yalikuwa mekundu. "Walisema nimemuumiza farasi huyu. Miezi yote ile nimelala najiambia, waseme watakavyo, kwetu hakuna mtu wa kufanya hivyo. Sikufanya mimi, na asingefanya dada." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Hilo ndilo lililonibakiza hai. Si chakula chako."

"Ningefanya tena," Mama Pumba akasema. "Kwa ajili yako ningefanya tena, hata kesho."

"Najua," mdogo wake akamjibu. Akanyoosha mkono, akaichukua ile kamba. "Ndiyo maana nakuomba unipishe, dada. Nitamshika mwenyewe."

Mama Pumba alibaki na mikono mitupu mbele ya watu wote. Akasubiri kidogo, labda atamwita. Kisha akatoka bandani, akavuka uani, akaenda kuosha ndoo.